Tone la Juu

Mimi ni mpimaji tu. Ghorofa ya chini, Tabriz,
chumba kisicho na dirisha la kunionesha theluji;
naisikia ikikwanguliwa kwa sepeto la mzee Eldaniz
kila alfajiri, juu ya utosi wangu.

Miaka kumi na mmoja nilichuja damu za watu kwa klorofomu.
Ilinifuata shukani, ilinifuata kwenye mkate.
Mume wangu alijua nimefika kabla sijabisha hodi.
Bibi Farangis, aliyenifundisha, aliimimina bila glavu
akisema pua huzoea.
Pua ilizoea.
Ini lilikataa.

Basi mwaka huu nimebadili.
Nachukua mentholi, chembe nyeupe kama chumvi ya mawe,
nachukua thimoli, harufu ya thaimu iliyoganda,
vigumu vyote viwili, kila kimoja na kichupa chake.
Navitia chombo kimoja, nakoroga,
na kwa joto la kiganja tu, nikitazama,
vinalegea.
Vinakuwa maji. Vinabaki maji.
Nimeyaona haya mara mia nne
na bado humwita mtu aje aone.

Rufat wa meza ya pili hucheka:
"Leo tunapima, au tunachua kifua chenye mafua?"
Maana chumba kizima kinanuka dawa ya meno.

Jumanne likaja bomba nambari mia mbili kumi na mbili.
Mwanamke, miaka thelathini na minne, kifafa.
Vidonge viwili asubuhi, viwili usiku.
Zaidi ya hapo simjui.
Nikaangusha protini kwa chumvi,
nikadunga maikrolita themanini za kiyeyusho changu,
plazma ikapiga ukungu, ikawa tui,
kila kitone kikipapasa kabamazepini
kama mkono utafutao ufunguo mkobani.
Mashine ikazungusha dakika tano.
Tone likapanda, likatulia juu,
dogo kuliko punje ya dengu,
na yote niliyoyataka yamo humo.

Kilele kikatokea kwa wakati wake, lakini kifupi.
Tatu nukta tisa.
Daktari alitarajia nane.

Nikarudia. Tatu nukta nane.
Nikarudia. Tatu nukta tisa.
Rufat hakucheka. Alikohoa, na hilo ni baya zaidi.

Usiku ule sikwenda nyumbani.
Nilichukua plazma safi, nikatia dawa kwa mkono wangu,
nikaitafuta tena kama niliyeificha na kujisahaulisha.
Niliweka mia, zikarudi tisini na sita.
Niliweka mia, zikarudi tisini na saba.
Kiyeyusho si mwizi.
Nikakaa na kikombe cha chai iliyopoa, nikajiuliza
nusu ile nyingine imekwenda wapi.

Alhamisi alikuja mwenyewe kuulizia majibu.
Sevil. Viatu vya plastiki, soksi zimelowa.
Kamshika mkono mtoto wa kiume, miaka saba hivi,
kavaa kofia ngumu ya baiskeli, kamba chini ya kidevu.
Baiskeli hawakuja nayo.
Nilitazama ile kofia. Aliniona nikiitazama.
Akafungua mkoba, akatoa pakiti,
na ndani vidonge vimepasuliwa katikati kwa kisu cha jikoni,
kingo zimemeguka, unga umebaki pembeni.
"Dukani kuna wiki zipo," alisema, "na wiki hazipo."
Hakuongeza neno. Nami sikumwongezea.

Fomu yetu ina kisanduku kimoja cha nambari.
Nikaandika tatu nukta tisa.
Daktari angeongeza dozi; kalamu yake haina haja ya kwenda dukani.
Kwa hiyo chini, pasipo mstari, nikaandika kwa herufi ndogo:
*Mpime na mtoto. Kisha waulize wanakula vidonge vingapi, wote wawili.*
Si kazi yangu. Niligonga muhuri juu yake.

Nilipompa karatasi, mtoto alinusa vidole vyangu,
akauliza kama nina peremende.
Nikamwambia sina.
Hakuniamini.